Hakuna Marefu Yasiyo na Ncha: Funzo la Mibuni ya Theta

Wahenga walinena kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha. Aghalabu methali hii hutumiwa kumliwaza aliye taabuni, kwamba dhiki yake ina kikomo. Ni nadra kuelekezwa kwa aliye rahani, ilhali ndiye anayeihitaji zaidi. Mwisho wa tabu hupokewa kwa vigelegele. Mwisho wa neema humkuta binadamu hajajiandaa. Wakazi wa Theta, baina ya Ruiru na Thika, wameusoma ukweli huu shambani, chini ya mibuni.

Mbuni haukuwa mwenyeji wa Kenya. Uliletwa mwaka 1893 na wamishenari Wafaransa huko Bura, Taita, kisha ukasambaa bara. Reli ilipofika Thika mwaka 1913, mashamba makubwa ya walowezi yalikwisha kuanza kuufunika udongo mwekundu wa eneo hili. Kahawa ikawa kalenda ya watu: palikuwa na majira ya maua, majira ya kuchuma na majira ya kungoja malipo. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilizalisha takriban tani 128,000. Nani angeamini kwamba kilele hicho ndicho kilichokuwa ncha? Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawiana mauzo ya kahawa ulivunjika, bei zikaporomoka, na wakulima wengi wakakata tamaa. Miaka ya karibuni mavuno ya nchi nzima yamekuwa tani 50,000 hivi au pungufu.

Pengo hilo halikukaa tupu. Barabara kuu ya Thika ilijengwa upya kati ya mwaka 2009 na 2012, na safari ya Nairobi ikafupika. Mwaka 2010 ulizinduliwa mradi wa Tatu City, mji uliopangwa juu ya ekari 5,000 hivi zilizokuwa mashamba ya kahawa. Juja, palipokuwa na mkonge na mifugo, pakajaa wanafunzi wa chuo kikuu na nyumba za kupangisha. Ardhi ikawa na thamani kubwa kuliko chochote kiwezacho kuota juu yake.

Wapo wanaoyatazama haya na kutamka neno moja tu: maendeleo. Lakini na afikiriwe mama aliyechuma kahawa kwa miaka thelathini, akilipwa kwa debe, akilala katika nyumba ya mwajiri. Shamba linapouzwa, hapotezi kazi pekee. Hupoteza paa, jirani, na ujuzi wa vidole vilivyozoea kutenganisha tunda jekundu na bichi bila kutazama. Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Kumwambia mtu huyo akubali mabadiliko, kisha kumpa kisogo, ni kumkejeli.

Hata hivyo, shamba hilo analolililia nalo lilisimama juu ya mwisho wa wengine. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi ardhi hii, na wengi waliokuwa na malisho na makaburi ya wazee wao hapa wakageuka vibarua. Mwanzo wa kahawa ulikuwa msiba wao. Basi anayedai kuwa kila mabadiliko ni heri amesahau historia, na anayedai kuwa kila mabadiliko ni hasara amesahau pia.

Njia ya katikati inafundishwa na mbuni wenyewe. Mbuni ukizeeka, mashina yake huchoka na matunda hupungua. Mkulima stadi haung'oi, bali huukata karibu na ardhi, kisha huchagua machipukizi mawili matatu yaliyo imara na kuyaondoa mengine. Kwa muda hapatikani chochote cha kuuza, na jirani asiyejua humdhani amerukwa na akili. Lakini mzizi uko hai, na baada ya misimu miwili hivi mti huzaa tena. Wengine huacha shina moja la zamani lisikatwe, ili mti upumulie hapo hadi machipukizi yashike.

Historia ya utafiti nayo inakubaliana na funzo hili. Chulebuni, ugonjwa uozeshao matunda yangali mabichi, uliwatesa wakulima wa Kenya kwa miongo kadhaa. Mwaka 1971 watafiti wa Ruiru walianza kutafuta aina ya kuukabili, na mwaka 1985 wakawapa wakulima Ruiru 11. Ilichukua miaka kumi na minne. Hata leo wapo wakulima wanaokata mibuni ya zamani na kuunganisha kijiti cha aina mpya juu ya shina lile lile la kale.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya kukata na kung'oa. Kuukubali mwisho si kujifanya kwamba kilichopita hakikuwa na thamani, wala si kukikumbatia hadi kikuozee mikononi. Ni kujua kipi kikatwe, kipi kiachwe ardhini, na kuacha shina la kupumulia. Kwa mama mchumaji, shina hilo ni notisi ya mapema, malipo yake kamili, na mahali pa kulala kabla ya tingatinga kufika. Jamii isiyomwachia hayo imeng'oa, hata ikijisifu kwamba imejenga.

Lugha yetu ina hazina hapa. Buni ni punje ya kahawa. Kubuni ni kuunda jambo lisilokuwapo. Ni maneno mawili tofauti, lakini yamekutana katika kinywa kimoja. Kandokando ya barabara ya Thika, mitaa ingali inaitwa Kahawa Sukari na Kahawa Wendani, ingawa watoto wengi wanaokulia humo hawajapata kuona ua jeupe la mbuni. Jina limebaki kama kisiki. Ni juu yao, na juu ya wote waitumiao lugha hii, kuuliza kisiki hicho kina mzizi gani, na kubuni kitakachochipuka.