MITINDO HURUDI, SHAMBA HALIRUDI

Ukitaka kujua kwamba watu wameongezeka katika nchi hii, si lazima umngoje mwalimu wa jiografia akuchoree jedwali ubaoni. Sisi wanafunzi wa kutwa twajua. Saa kumi na mbili asubuhi vijia vyote vya Vihiga vimejaa sweta za kila rangi, kama siafu walioitwa mkutano. Kisimani ni foleni. Posho mili ni foleni. Zahanatini ndiyo usiseme. Na darasani je? Tunaketi watatu kwenye dawati la wawili, na yule wa katikati huandika akiwa amekunja mikono kama panzi. Tangu mwaka wa 2018 serikali ilipotilia mkazo kwamba kila anayemaliza shule ya msingi aende sekondari, wengi wetu tumeokoka, maana pengine sasa hivi tungekuwa tunachuma majani chai. Lakini madawati nayo hayakulisikia tangazo hilo.

Wazee wetu wana maneno yao kuhusu sisi. Ati vijana wa siku hizi tumeharibika, tunavaa ovyo, tunafikiria nguo na nywele tu. Nasi vijana tukiwa peke yetu chini ya mti hatukosi la kujibu. Twasema wazee ndio walioharibu, walizaa bila kuhesabu na sasa hakuna pa kukanyaga. Leo nataka kuyapima maneno ya pande zote mbili, kwani mgala muue na haki yake mpe.

Nianze na nguo. Nyanya yangu ana picha moja aliyopigwa studioni mjini Kisumu mwaka wa 1973, kabla hajaolewa. Aisee! Rinda liko juu ya magoti, viatu vina soli nene kama matofali mawili, na nywele zimeviringika kichwani kama mzinga wa nyuki. Nyanya huyu huyu ndiye anayemuuliza dada yangu kama suruali yake ilikosa kitambaa. Siku moja nilimwonyesha picha hiyo nikamwuliza, "Nyanya, huyu msichana ni wa nani?" Akacheka mpaka akaketi chini. Akaniambia kwamba babake mzazi alipoliona rinda lile alilifungia sandukuni mwezi mzima, na kusema dunia imefika mwisho.

Baba naye si haba. Alipokuwa sekondari mwishoni mwa miaka ya tisini, alinyoa nywele boksi na kuvaa jinzi ambazo ndani yake wangeingia watu wawili na mbuzi. Sasa kaka yangu mkubwa amenunua jinzi kama hizo hizo sokoni Luanda, akidhani ni mpya kabisa duniani. Baba alipomwona hakugomba. Alizizunguka tu, akasema, "Hizi nilizivaa mimi." Naam, mitindo ni kama gurudumu. Huenda, huzunguka, halafu hurudi. Kwa hivyo atakayesema nguo za vijana ndizo zitakazoangamiza nchi, na alete kwanza picha zake za ujana tuzione.

Lakini kuna jambo ambalo nyanya aliniambia likanifanya nifikiri sana. Alisema kwamba enzi zake msichana alikuwa na nguo mbili, moja ya shambani na moja ya kanisani. Ile ya kanisani ilishonwa na fundi cherehani baada ya kuuza kuku kadhaa. Shamba nalo lilikuwa tele, ungelima mpaka mgongo ukatae. Mimi nina blauzi sita za mitumba, nyingine nilizinunua kwa shilingi hamsini hamsini. Marobota yanatoka Ulaya, Marekani na Uchina, yanapasuliwa sokoni, na mtu anachagua mpaka anachoka. Tazama basi mambo yalivyogeuka. Zamani nguo zilikuwa chache na ardhi nyingi. Sasa nguo ni nyingi, na ardhi ndiyo haba.

Wacha nitoe hesabu, maana penye hesabu hapana porojo. Watu wa Kenya walipohesabiwa mwaka wa 1969 walikuwa milioni 10.9. Mwaka wa 2019 walikuwa milioni 47.6. Yaani katika miaka hamsini tu, pale alipokuwa amesimama mtu mmoja sasa wamesimama wanne na zaidi. Katika hesabu hiyo ya 2019, kila kilomita moja ya mraba ya Kenya ilikuwa na watu 82 kwa wastani. Kwetu Vihiga ilikuwa na watu 1,047. Kilomita moja ya mraba ni ekari 247 hivi. Ukigawa, kila mtu anapata chini ya robo ekari. Na hapo hujaondoa barabara, shule, makanisa, masoko, na yale majabali yetu makubwa ambayo hayaoti hata mrenda. Ni kama kuchukua uwanja wetu wa kandanda na kuwaambia watu saba: haya, hapa ndipo mtakapojenga, mlime, mfuge ng'ombe, na mwishowe mzikwe.

Sasa ya nyumbani. Baba yake babu alikuwa na ekari tisa. Aliwagawia wanawe watatu, babu akapata tatu. Babu na nyanya walijaliwa watoto wanane, watano wakiwa wavulana. Babu alipoaga dunia, ekari tatu kugawanya kwa tano ni nusu ekari na kidogo. Hiyo ndiyo ya baba. Nasi kwa baba tuko wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Tukigawana sote sawasawa, kila mmoja atapata eneo lisilofika viwanja vinne vya voliboli. Hakuna aliyelewa akauza, wala hakuna aliyenyang'anywa. Shamba limeisha kwa kugawanywa kwa haki, kipande baada ya kipande, kama kitambaa kinachokatwa vitambaa vya mkono.

Mwenzangu utasema, basi wazee ndio wenye makosa. Pole pole! Nilimwuliza nyanya kwa nini alizaa wanane. Aliniangalia kama niliyeuliza kwa nini mvua hunyesha. Alisema enzi zile hukujua ni mtoto yupi angenusurika surua na malaria. Mikono ilihitajika shambani, na mwenye watoto wawili alihurumiwa matangani. "Kila mtoto huja na riziki yake," ndivyo walivyoambiana. Na nyanya hakuwa peke yake. Uchunguzi wa mwaka wa 1977 na 1978 ulionyesha kuwa mwanamke wa Kenya alizaa watoto wanane kwa wastani. Ule wa mwaka wa 2022 ulionyesha watoto 3.4. Kumbe hata idadi ya watoto hubadilika kama upana wa suruali, ila hii hubadilika kwa sababu nzito zaidi. Dada yangu mwenye miaka kumi na tisa husema yeye atazaa mmoja tu, tena akipenda. Nyanya akisikia hayo hunyamaza kwa uchungu, kwa kuwa ana majina mengi ya marehemu yanayongoja watoto wa kuitwa hayo.

Tena kuna jambo linalonisumbua usiku. Baba ni mtoto wa tano, na mimi ni wa tatu. Kama nyanya angewasikiza wanaosema wawili watosha, baba hangekuwako, wala mimi nisingekuwa hapa nikiandika makala haya. Tunaposema "watu wamezidi", je, tunamtaja nani? Kila mtu hudhani waliozidi ni wale wengine waliomtangulia kwenye foleni. Hakuna anayejihesabu mwenyewe.

Krismasi iliyopita baba na ndugu zake walikutana nyumbani kuonyeshana mipaka ya shamba. Sisi watoto tulikuwa tukipita na chai. Baba mkubwa alikuwa akitaja majina ya wajukuu watakaorithi wapi, na yalikuwa majina ya wavulana watupu. Nilitulia, nikaweka birika chini, nikasema, "Baba mkubwa, naomba kuuliza. Sisi wasichana je?" Wote wakacheka, lakini si kwa ubaya. Baba mkubwa akanijibu kwa upole, "Wewe utaolewa, mwanangu. Shamba lako liko huko uendako."

Tulifundishwa kwamba Kifungu cha 60 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria na mila zinazohusu ardhi. Nilikuwa nayo ncha ya ulimi, ila kumtajia mzee kifungu cha Katiba mbele ya wadogo zake si adabu yetu. Nyanya ndiye aliyenisaidia. Alisema, "Na huko aendako kuna wavulana wanaogawana vipande kama ninyi mnavyogawana. Mnadhani kuna shamba linalomngoja?" Hakuna aliyecheka tena. Baba aliitazama chai yake mpaka ikapoa. Mpaka leo hajanijibu, na mimi sijamwuliza tena. Lakini juzi alinituma nikamletee futi ya kupimia, na alipokuwa akipima nyuma ya jikoni alihesabu mpaka nne, si mpaka mbili. Sijui maana yake. Nangoja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sisi vijana tunajali sana nguo. Babu alipokuwa na miaka kumi na sita alijua ni mti gani ungekuwa mpaka wake. Heshima yake ilikuwa ardhini, imemngoja. Sisi hatuna mti. Kitu pekee ambacho kijana anaweza kusema "hiki ni changu" ni kile alichokivaa. Basi wazee wetu, mkituona tunapiga pasi jinzi ya shilingi mia mbili kwa nusu saa, msituone wajinga. Tunapalilia shamba tulilo nalo.

Nanyi vijana wenzangu, tusidhani dawa ni kuwalaumu waliotuzaa. Wao walipobanwa walihama. Watu wetu wengi walikwenda Lugari, wengine wakafika hata Kigumba kule Uganda, wakaanza upya. Sisi mashamba mapya ya kuhamia hayapo, na mijini nako kumejaa. Nairobi pekee ilikuwa na watu karibu milioni 4.4 mwaka wa 2019. Kilichobaki ni kujipanga. Tujifunze ufundi usiohitaji ekari. Tufikirie mapema idadi ya watoto tutakaoweza kuwalea, wavulana pia wafikirie, maana mtoto hazaliwi na msichana peke yake. Na pale ambapo kipande kimebaki, kisikatwe tena. Familia moja kijijini kwetu iliamua kuacha shamba lote likiwa moja, wakapanda chai na kugawana pesa badala ya udongo. Hawajapigania mpaka tangu hapo.

Suruali ya baba imerudi kwa kaka. Rinda la nyanya pia litarudi, pengine litamfikia binti yangu, nami nitagomba kama nyanya. Ekari tisa za babu wa baba hazitarudi. Ndiyo sababu nawaomba wazee wetu mtuachie nguo zetu, na mkae nasi tuzungumze kuhusu ardhi, wasichana wakiwemo. Aliye na maoni tofauti na aandike katika toleo lijalo. Nitasoma kwa moyo mkunjufu.