Toni, Shadda na Wimbo wa Nyanya

Nililelewa Mbaraki, si mbali na ile nguzo ya kale, mahali ambapo mtu hawezi kuteremka kivukoni Likoni asisikie Kidigo. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa Mdigo. Mimi nilimjibu kwa Kiswahili. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza nilinakili nyimbo zake za kutwanga, nikazihesabu mizani kama nilivyofundishwa kuhesabu shairi, nane kwa nane. Zisipotimia, niliandika kwamba zina kasoro za arudhi. Kisha, kwa ujana, nikamsomea. Alicheka. "Maneno ni yangu, mjukuu wangu. Wimbo wenyewe umeuacha wapi?"

Ilinichukua miaka kulielewa swali hilo. Kiswahili, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, kimepoteza toni. Kilichobaki ni shadda, nayo kwa kawaida hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: piga, pigana, piganisha. Kila tunaponyambua, nayo husogea. (Yapo maneno machache yanayokaidi, kama ile "barabara" yenye maana ya sawasawa, ambayo sisi walimu hatuchoki kuitolea mfano.) Shadda hutuarifu kwamba neno linakaribia kwisha, haitwambii nani katenda.

Kidigo kina mambo mengine. Kiambishi a- cha nafsi ya tatu umoja hubeba toni ya juu. Ni- cha nafsi ya kwanza hakina. Ajabu ni kwamba toni hiyo haisikiki penye a-, bali husafiri hadi mwishoni mwa kitenzi. Mtendaji hutajwa mwanzo, akasikika mwisho. Charles Kisseberth aliichambua toni ya Kidigo katika makala ya mwaka 1984, nyanya hakumsubiri. Kihausa nacho, kilicho mbali nasi kwa nasaba, hutumia toni kuundia maneno: taga, yaani dirisha, huanza juu ikashuka, lakini wingi wake, tagogi, huwa juu silabi zote. Kiambishi tamati huja na toni yake, kikalifunika neno zima.

Sidai kwamba nyimbo zile zilipimwa kwa toni. Ninachodai ni kwamba nilizihukumu bila kuzisikia. Daftari ninalo; halina alama hata moja ya toni, na mwenye sauti hayupo. Nikizisoma leo, kila mstari huniangukia silabi ya pili kutoka mwisho.