Tuangalie Kuta Zetu

Ukungu tunaotaka kusema habari zake si ule unaofunika milima ya Fizi asubuhi, ambao jua likipanda hutoweka. Ni ule unaoota ndani ya nyumba, mweusi au wa kijani, nyuma ya kitanda na chini ya mkeka. Huo hauondoki wenyewe.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda sana, na watu wengi wa mwambao, toka Uvira hadi Baraka na Kalemie, waliona maji yakiingia majumbani. Maji yaliposhuka wengi walirudi, wakafagia tope, wakapaka chokaa. Lakini tofali la udongo hunywa maji upesi na kukauka polepole.

Katika kutembelea wagonjwa, mama mmoja wa Baraka alituambia: «Mwalimu, mtoto huyu hukohoa kila usiku. Akienda kwa nyanya yake hulala vizuri, akirudi hapa huanza tena.» Tukaomba ruhusa kusogeza kitanda. Ukuta ulikuwa mweusi toka chini mpaka magotini, na chokaa ilikuwa ikibanduka juu yake.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wanaokaa katika nyumba zenye unyevu na ukungu hupata zaidi kikohozi na pumu. Lakini si kila kikohozi ni cha ukungu. Kikipita majuma mawili, mgonjwa apelekwe dispensari, maana huenda ni kifua kikuu.

Jambo hili ni la zamani. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 14, mwenye nyumba yenye mawaa ya kijani au mekundu anaagizwa kumwita kuhani. Vyombo hutolewa nje, nyumba hufungwa siku saba, kisha hukaguliwa tena. Waa likiwa limeenea, mawe hutolewa, kuta hukwanguliwa na kupakwa udongo mpya. Likirudi tena, nyumba hubomolewa. Tazameni, hakuna aliyeambiwa kulifunika. Chokaa juu ya ukuta mbichi ni shuka safi juu ya kidonda.

Basi, tukague namna gani? Kwanza tunuse, maana harufu ya uvundo hutangulia. Tusogeze kitanda, sanduku na magunia. Kisha tuulize maji yametoka wapi. Unyevu ukianzia chini, maji yanapanda toka ardhini. Ukianzia juu, bati linavuja. Ukiwa nyuma ya vyombo tu, hewa haipiti. Pengine tunaona unga mweupe ukutani: tuutie maji, ukiyeyuka, ni chumvi ya udongo, si ukungu, lakini nayo yaonyesha kwamba maji yanapita.

Tena tufungue magunia. Karanga na mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, huko Kenya, watu 125 walikufa kwa sumu ya namna hiyo. Magunia yakae juu ya miti, mbali na ukuta.

Dawa ya kwanza ni kuzuia maji: kuchimba mfereji kuzunguka nyumba, kuziba bati, kufungua dirisha mchana, kuanika godoro juani. Ndipo tusafishe, tukiwa tumefunga kitambaa puani, kwa maji na sabuni. Tusikwangue pakavu, maana vumbi lake ndilo linaloingia kifuani. Udongo uliooza utolewe. Chokaa ije mwisho, ukuta ukiwa mkavu.

Yule mama na jirani zake walichimba mfereji, wakabomoa udongo ule mpaka kiunoni, wakasubiri jua. Mtoto akalala upande wa pili wa chumba. Kazi hiyo haikudai fedha nyingi. Ilidai majembe, majirani na subira. Wazee, vijana, leo jioni kabla ya kulala, tusogeze vitanda tuangalie.