Kukariri na Kujua

Msomaji kijana, Jumamosi moja ya mvua hapa Nyeri, Mlima Kenya ukiwa umejifunika mawingu, niliwakuta wanafunzi wangu wakicheza Dungeons & Dragons, mchezo wa hadithi na dadu uliozaliwa Marekani mwaka 1974. Nilikusudia kuwatawanya, lakini sheria zake zilinizuia.

Katika kitabu cha sheria cha 1978, mchawi mwanagenzi alikariri tamko moja tu kwa siku. Akiisha kulitamka, lilifutika akilini hata alisome upya. Katika kile cha 2014, matamko madogo huyatumia apendavyo, na makubwa aliyoyaandaa hayamtoki akilini. Kinachokwisha ni nguvu, nazo humrudia apumzikapo.

Niliona haya, maana yule mchawi wa kale alikuwa mimi. Chuo cha ualimu nilikariri usiku, nikaandika mtihani asubuhi, jioni nikabaki mtupu. Baadaye nilisimama mbele ya darasa nikiyatafuta yaliyonipatia alama, nisiyapate. Na macho arobaini yakiningojea.

Basi, usisome ili utamke mara moja. Nguvu zikikwisha, lala, kesho zitarudi. Elimu iliyokariri na kusahauliwa hairudishwi na usingizi.