Jina la Mpwa Wangu

Kanisani kwetu ushuhuda hutolewa Sabato asubuhi. Huu wangu nimeuahirisha tangu 2018, kwa kuwa mzee wa kanisa anayeongoza kipindi hicho ndiye aliyekuwa mtunza fedha wa timu yetu, na niliyoyafanya niliyafanya kwa pesa alizozihesabu yeye. Basi acha niuandike.

Mimi ni mkulima wa majani chai karibu na Keroka, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik. Keroka ni mji mmoja uliopitiwa na mpaka: huku kaunti ya Kisii, kule kaunti ya Nyamira. Tangu serikali za kaunti zianze 2013, hizo mbili zimevutana hadharani juu ya nani akusanye ushuru wapi. Sisi tusio na ushuru wa kugombania tuligombania mpira. Kila Desemba, shule zikishafungwa na watu wa Nairobi wakisharudi nyumbani, mwanasiasa mmoja au mwingine hutoa fahali na jezi, na timu za mitaa huchuana. Fainali ni Jumapili, maana Jumamosi nusu ya wachezaji wako kanisani na nusu nyingine inawaogopa mama zao. Na mara nyingi fainali ilitukutanisha sisi wa upande wa Kisii na wao wa upande wa Nyamira.

Meneja wao alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu.

Nchi nzima inaijua dabi ya mashemeji, Gor Mahia na AFC Leopards, timu mbili za Nairobi zilizopewa jina hilo kwa sababu Waluo na Waluhya wameoana tangu zamani. Leopards ilianza 1964 ikiitwa Abaluhya, Gor ikafuata 1968. Marehemu baba alikuwa Gor, ndugu yake Leopards, na siku ya mechi redio iliwekwa juu ya kiti katikati yao wawili, Leonard Mambo Mbotela akitangaza, sisi watoto tukikatazwa hata kukohoa. Kwa hiyo nilijifunza mapema kwamba anayestahili kufungwa hasa ni yule unayekula naye.

Timu yetu wenyewe Wagusii ilikuwa Shabana, iliyoanzishwa 1980. Mike Okoth Origi, babake Divock aliyewahi kuchezea Liverpool, aliichezea kabla ya kwenda Ubelgiji. Jina la utani la Shabana ni Tore Bobe, yaani tuko vibaya, na 2006 tulikuwa vibaya kweli: ikashuka daraja, ikakaa nje ya ligi kuu miaka 17 hadi iliporudi 2023. Sidhani watu wa nje wanaelewa njaa ya miaka hiyo. Mtu aliyekosa Shabana wa kumpigia kelele huenda akaupigia kelele mtaa wake hadi akapoteza akili. Hicho si kisingizio. Au labda ni kisingizio kidogo.

Shemeji alikuwa ametufunga fainali mbili mfululizo. Mara ya pili alichinja yule fahali, akanitumia kwato nne kwenye gunia. Dada yangu ndiye aliyelibeba, akaliweka mlangoni, akaondoka bila kuingia ndani.

Bonasi ya chai ilipolipwa Oktoba 2018, wengine walinunua mbolea. Mimi niliteremka Kisii mjini na pesa za timu kutafuta mamluki. Nikampata kijana mmoja wa mguu wa kushoto, anayekimbia kama aliyeiba kitu. Tukapatana shilingi 3,000, nauli, na chakula cha mchana. Tatizo lilikuwa kanuni: kila mchezaji awe mkaazi, na nambari ya kitambulisho iandikwe kwenye orodha.

Mpwa wangu, kifungua mimba wa dada, alilelewa na bibi yake, mama yangu, upande wetu. Alikuwa na miaka 19 na kitambulisho kipya kilichokuwa bado kinang'aa. Alikuwa amefanya mazoezi nasi tangu Agosti. Beki wa kawaida, mzito wa kugeuka, lakini hakukosa siku hata moja. Nikamwomba kitambulisho. "Cha kuniandikisha, Mjomba?" Nikasema ndiyo. Na kweli nilimwandikisha, jezi nambari 11. Ila jezi nikampa yule wa mjini.

Siku ya fainali mvua ilianza saa nane, kama kawaida ya milima hii. Uwanja wetu umeinama, kwa hiyo maji yote hukusanyika kwenye lango la chini, na mpira ukifika hapo hukaa kama bata. Mamluki wetu alifunga bao kabla ya mapumziko. Shemeji alisimama ng'ambo na mwavuli wake, hatazami upande wangu. Nilijisikia vizuri kuliko siku niliyooa, na mke wangu anajua.

Kipindi cha pili kijana akamkata mtu miguu. Refa akatoa kadi ya manjano na kidaftari, akakifunika kwa kiganja kisilowe.

"Jina?"

Kijana akanyamaza. Nilikuwa nimemtajia jina asubuhi tukinywa chai, akalirudia mara tatu. Sasa limempotea. Refa akaagiza orodha kutoka kwa mshika kibendera, akatafuta 11, akalisoma jina la mpwa wangu kwa sauti. Kimya. Akalisoma tena.

"Niko hapa!"

Alikuwa nyuma yangu, kwenye mstari, na dumu la maji alilokuwa amebebeshwa. Ameliweka chini. Ameinama, anapandisha soksi.

Watu walicheka kwanza. Kisha upande wa Nyamira wakaelewa, na hapo sitasimulia sana. Mechi ilivunjika, fahali akavuka barabara mwaka wa tatu, na mamluki akarudi mjini kwa boda akiwa na jezi yetu. Mzee wa kanisa alikumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe wa kukama.

Usiku nilimuuliza mpwa wangu kwa nini aliitika. Nilikuwa na hasira bado, niseme ukweli. Akaniangalia kama mtu asiyelielewa swali.

"Nilidhani naingizwa, Mjomba."

Kesho yake dada alikuja kwa mama. Hakufoka. Alikuwa akichambua mboga za chinsaga, na bila kuinua macho akauliza: "Na yule mwingine, nimpikie pia? Maana nasikia sasa nina wawili wenye jina hilo."

Nilirudisha pesa za timu kidogo kidogo, chai ya miezi minne. Kwa shemeji nilikwenda kwa miguu, nikakubali kunywa chai yake, nikakubali pia hadithi ya kwato irudiwe mbele ya wageni. Kisha tukakubaliana jambo moja: orodha za timu zote mbili zisomwe hadharani kabla ya mechi, mbele ya mama za wachezaji. Refa anaweza kudanganywa. Mama wa Keroka hadanganywi, anajua nani amezaliwa nyumba gani na mwaka gani.

Fainali ya Desemba 2019 walitufunga tatu bila. Mpwa wangu alicheza dakika zote 90, na bao la tatu lilipita katikati ya miguu yake. Nilikuwa nimebadilika, si kwamba nilikuwa malaika: niliingia uwanjani na mwavuli nikimwambia refa kwamba ile ilikuwa ofsaidi. Haikuwa. Akatoa kidaftari.

"Jina?"

Nikamtajia langu, herufi kwa herufi, akaliandika.