Jina Lililokosa Mizani

Picha yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja cha mkono, na weupe wake umekwisha geuka rangi ya chai. Ilipigwa asubuhi moja ya Julai 1987 mbele ya bweni la chuo chetu cha ualimu huko Ufipa, mkoani Rukwa. Wachezaji kumi na mmoja wa timu ya kandanda wamejipanga safu mbili, lakini asiyewajua hatatambua kuwa ni wachezaji. Baridi ilikuwa kali, nao wamevaa makoti na masweta juu ya jezi, na wengine wamejifunga mitandio shingoni. Mimi simo. Nilikuwa katibu wa timu, na wakati huo nilisimama kando nimemshikia mpiga picha mkoba wake.

Nilifika Ufipa kutoka Mafia nikiwa kijana ambaye hajawahi kulala mahali pasiposikika bahari. Nilivuka kwa jahazi kutoka Kilindoni, nikapanda treni ya TAZARA hadi Tunduma, kisha nikapanda lori la mizigo lililopita Laela kwa barabara ya vumbi, nikashuka Sumbawanga nikiwa mwekundu kuanzia nywele hadi kucha. Wenyeji wakaniambia maana ya jina la mji wao: tupa uchawi. Mwenye uchawi wake auache nje kabla hajaingia. Nikajibu kwamba mimi sina cha kutupa ila joto la pwani, nalo limekwisha nitoka njiani.

Uwanda wa Ufipa umeinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Hewa ya huko ni nyepesi. Siku yangu ya kwanza uwanjani nilikimbia mara mbili tu kutoka goli hadi goli, nikaketi chini nikitafuta pumzi kama samaki aliyetupwa ufukoni. Tangu siku hiyo nikawekwa kwenye daftari. Walisema mtu wa pwani ana mwandiko mzuri na maneno mengi, basi aandike. Nami nikaandika. Kwa miaka miwili niliandika tarehe, mahali, mpinzani na magoli. Leo nikilifungua daftari lile naona kila kitu isipokuwa jambo moja: ni nani aliyefunga, na ni nani aliyezuia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hawakutuambia kwamba hata yenye daftari huweza kwisha hivyo hivyo, kama mwandishi hakujua kipi ni mali.

Msomaji ataniuliza, kwani majina nayo yanahitaji kuandikwa? Hukuwajua wenzako? Niliwajua, lakini kwa majina ya watu wengine. Beki wetu wa kati tulimwita Tenga, kwa Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyocheza Kombe la Mataifa ya Afrika kule Lagos mwaka 1980. Mshambuliaji wetu alikuwa Tino, kwa ajili ya lile goli la Peter Tino dhidi ya Zambia mjini Ndola mwaka 1979, lililoipa timu ya taifa tiketi ya Lagos. Winga wa kushoto, mtoto wa wavuvi wa Kasanga, tulimwita Mgebuka, kama samaki wa ziwa lao, kwa kuwa hakushikika. Kiungo wetu, aliyewahi kusoma seminari, alikuwa Padri. Hakupiga kelele wala hakukimbia ovyo, na mpira ulimfuata kama muumini anayekwenda kuungama.

Mlinda lango peke yake hakuwa na lakabu. Aliitwa Golikipa, basi. Alikuwa Mfipa wa kijiji ambacho tanuri za kale za chuma, zile ndefu za udongo wanazoziita malungu, zilikuwa bado zimesimama vichakani. Babu yake aliwaona wazee wakiyeyusha mawe ndani yake kwa upepo mtupu, pasipo mivukuto. Aliniambia siku moja kwamba kazi ya mlinda lango ni kama ya mtu wa tanuri: ukishaliwasha, utaketi na kutazama usiku kucha, na ukisinzia hata mara moja chuma kimeharibika. Alikuwa akitazama. Mimi katika maisha yangu sijamwona mtu aliyeutazama mpira kwa namna ile.

Mwaka ule wa 1987 tulicheza fainali ya vyuo vya kanda yetu. Kwa wanachuo wa ualimu enzi hizo hakukuwa na jambo kubwa kuliko mashindano ya UMISAVUTA, na aliyeng'ara huko alikumbukwa chuoni kuliko aliyeongoza mtihani. Tulishinda goli moja kwa bila. Goli lilikuwa la Tino, akimalizia krosi ya Mgebuka. Zikiwa zimebaki dakika chache wapinzani wakapewa penalti, na Golikipa akaidaka. Hakuupangua mpira, aliudaka na kuukumbatia kifuani, akalala nao chini kama mama na mtoto. Usiku ule bweni halikulala.

Nami sikulala, nikitunga shairi. Lilikuwa la beti kumi na moja, kila mchezaji na ubeti wake, mizani kumi na sita kila mstari, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vikiwa vimekaa sawasawa. Niliamua humo niwataje kwa majina yao halisi, kwa sababu lakabu ni za uwanjani, bali shairi ni la kudumu. Kumi waliingia. Jina la Golikipa likagoma. Lilikuwa jina la Kifipa lenye silabi sita, likiishia kwa sauti niliyoshindwa kuitafutia kina. Nililigeuza mbele na nyuma hadi taa ikaisha mafuta. Mwishowe nikaandika “mlinda lango”, mizani tano nyepesi, nikazijalizia tatu za kumsifu, shairi likatimia. Lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, likasomwa mbele ya chuo kizima. Golikipa alinipa mkono akanishukuru. Sikuona dosari usoni mwake, na pengine hakuiona. Mimi nilijua, nikajisamehe upesi, kama tunavyojisameha sisi watunzi tunapoitanguliza kanuni mbele ya mtu.

Miaka ikapita. Nilirudi Mafia nikafundisha. Daftari na picha vilikaa ndani ya sanduku la mvule pamoja na vyeti vyangu. Mwaka 2021 nikapokea ujumbe kwenye simu kutoka namba nisiyoijua:

“Shikamoo baba. Mimi ni binti wa marehemu aliyekuwa golikipa wa chuo chenu. Baba alifariki mwaka 1995 nikiwa na miaka miwili. Nyumbani hatuna picha yake hata moja, zote ziliungua. Nimeambiwa wewe unayo ya timu. Naomba unioneshe baba yangu ni yupi.”

Nilifungua sanduku nikaitoa picha. Nikaitazama kwa miwani na bila miwani. Msomaji, nisikufiche: sikumjua. Kwenye safu ya nyuma, pembeni, wamesimama watu wawili warefu, wote weusi, wote wamevaa makoti ya kijivu, sura zimeliwa na kivuli cha paa la bweni. Mmoja ni Tenga na mwingine ni Golikipa. Nilimjua kwa penalti, kwa malungu ya kijijini kwao, kwa sauti yake ya chini. Uso wake ulikuwa umenitoka. Nikakimbilia shairi, nalo likanijibu: mlinda lango.

Nilimjibu yule binti kwamba picha ipo ila anipe muda. Nilikuwa na aibu ya kumwambia kwamba mimi, niliyepewa kazi ya kukumbuka, nilikuwa na baba wawili wa kumwonesha.

Katika siku hizo nilimsimulia mkasa huu mpwa wangu anayeishi Boston, Marekani. Akanieleza kwamba huko vyuo vikuu huweka hesabu ya kila mchezaji, msimu kwa msimu, na akanitajia jina ambalo Afrika Mashariki tunalijua kwa sababu nyingine: Kiwanuka. Mathias Kiwanuka aliichezea Boston College kandanda ya Kimarekani, ile ambayo mikono hufanya kazi kuliko miguu, hadi msimu wa 2005. Kazi yake ilikuwa kumfikia mrushaji wa mpira wa timu pinzani na kumwangusha kabla hajaurusha. Aliwaangusha mara 37 na nusu, rekodi ya chuo hicho, na mwaka 2006 New York Giants wakamchukua katika raundi ya kwanza ya uteuzi.

“Na nusu?” nikamuuliza. “Mtu huangushwaje nusu?”

“Wakimwangusha wawili kwa pamoja, mjomba, kila mmoja huandikiwa nusu yake.”

Nilikaa kimya. Huko hata nusu ya tendo ina mwenyewe. Sisi tulidaka penalti nzima, tukaiacha bila jina.

Kisha mpwa wangu akanikumbusha ukoo wa kijana huyo. Ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu, aliyekamatwa mahakamani Kampala mwezi Septemba 1972 chini ya utawala wa Idi Amin, asionekane tena. Kaburi lake halijulikani. Miaka zaidi ya thelathini baadaye jina lake likasomwa mgongoni mwa mjukuu wake, katika viwanja vya nchi ya mbali, na maelfu ya watu wasiomjua mzee huyo. Sisemi kwamba mchezo hulipa deni la damu, la hasha. Nasema tu kwamba jina lina njia zake za kurudi nyumbani, maadamu yupo aliyelitunza.

Machi 2022 niliomba likizo nikasafiri. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga sasa ni ya lami, nami nilishuka bila vumbi, karibu nione haya. Mji umekua. Kwenye kibanda cha chai karibu na uwanja wa Nelson Mandela vijana walikuwa bado wakisimuliana siku ile ya Oktoba 2020, pale Tanzania Prisons, waliokuwa wakiutumia uwanja huo kama wa nyumbani, walipoifunga Simba 1–0. Hata aliyekuwa akimimina chai alimtaja mfungaji: Samson Mbangula. Nikafurahi, na kwa moyo wangu nikaona wivu. Hilo ni goli lenye jina.

Mgebuka nilimkuta kijijini kwake, nje ya mji. Aliacha ualimu zamani na sasa analima. Simu yake ni ya kitochi, haioneshi picha, ndiyo maana nilikwenda kwa miguu yangu. Alikuwa shambani akiinua ntumba, yale matuta ya mviringo ya Wafipa ambayo majani hufukiwa ndani yake yaoze, yawe mbolea ya msimu ujao. Alinitambua kwa mwendo kabla sijafika.

“Bwana katibu! Bado hujajifunza kukimbia?”

Tulicheka, kisha tukalia kidogo, kwa sababu yeye na mimi tulianza kuhesabu waliobaki tukaishia watano. Nikatoa picha. Alijifuta udongo mikononi, akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda usiozidi pumzi tatu.

“Huyu,” akasema, akigusa wa pembeni kabisa.

“Umemjuaje?”

“Wewe hukumbuki? Watoto wa mwalimu walikuwa wakicheza mpira nyuma ya mpiga picha. Mpiga picha akamgombeza mara mbili: tazama huku! Angalia macho yao, bwana katibu. Kumi wanatazama kamera.”

Nikaangalia. Ilikuwa kweli. Kumi wanatutazama sisi, na mmoja, kichwa kimegeuka kidogo mno, anatazama kitu kilicho nje ya picha, chini, upande wa kushoto. Miaka thelathini na tano nimekuwa nayo picha ile, na sikuwahi kuuliza yule anaangalia nini.

Jioni ile nilikutana na binti. Ni mwalimu kama sisi. Aliniamkia kwa heshima, akapokea picha kwa mikono miwili. Nilimwekea kidole pale. Hakusema neno. Baada ya muda mrefu aliuliza, “Anatazama wapi?” Nikamwambia: anatazama mpira. Akatabasamu, na katika kugeuza kichwa ili nisione machozi yake, nikamwona Golikipa, uso wote, kama aliyeingia mlangoni.

Majina ya wale kumi na mmoja siyatangazi hapa, kwa kuwa ni ya familia zao na sijaomba ruhusa kwa kila mmoja. Yapo nyuma ya picha kwa wino, kwa mpangilio wa safu, na kila nyumba niliyoifikia ina nakala yake. Lakini deni langu la shairi nimelilipa. Nilirudi Mafia nikauvunja ule ubeti wa mlinda lango wote, nikaujenga upya kuanzia jina lake. Nililiweka mwishoni mwa mstari wa kwanza, nikayalazimisha maneno mengine yalifuate. Yalikuwapo. Sauti ile niliyodhani haina kina ilikuwa na vina sita, ila vyote ni vya Kifipa, na usiku ule wa 1987 sikumwamsha mtu kumuuliza.