Damu Hukumbuka Ulichokula, Haisemi Kinachokuumiza

Hapa Uingereza, mtu anayejaa gesi tumboni kila akila anaweza kuagiza kipimo kwa simu bila kutoka nyumbani. Posta inamletea kisindano cha kutobolea kidole, kichupa cha matone ya damu na bahasha ya kurudishia. Baadaye anapata orodha ndefu ya vyakula iliyopangwa kwa rangi: vyekundu aache, vya njano apunguze, vya kijani ale. Dada mmoja tuliyekulia naye Kamanga, pale kivuko cha kutoka Mwanza mjini kinapotia nanga upande wa Sengerema, alinionyesha orodha yake. Nyekundu iliangukia maziwa, mayai, ngano na karanga. Vyote ni vyakula anavyokula karibu kila siku.

Wala si ajabu. Maabara zinazouza vipimo hivi hupima kingamwili aina ya IgG, na mwili wenye afya hutengeneza IgG dhidi ya chakula ambacho umekizoea. Ni sawa na kitabu cha wageni cha gesti: kinaonyesha nani alilala, hakionyeshi nani aliiba. Ukila mayai kila asubuhi, jina lake litaandikwa. Usipowahi kuonja pweza, hatakuwemo, na orodha itakuhakikishia kwamba pweza hana neno.

Wataalamu walishalisema hili waziwazi. Mwaka 2007 kamati ya sayansi ya Baraza la Malodi la Uingereza ilieleza wasiwasi wake kwamba kipimo cha IgG kinatumika kutambua chakula kisichomfaa mtu bila ushahidi wa kutosha wa kisayansi. Mwaka 2008 chama cha wataalamu wa mzio cha Ulaya, EAACI, kikatamka kwamba kupima IgG4 ya vyakula, ambayo ni aina mojawapo ya IgG, hakufai kwa kazi hiyo, na wenzao wa Kanada wakasema vivyo hivyo mwaka 2012. Vipimo bado vinauzwa.

Ushahidi unaonigusa zaidi ulitoka London mwaka 2015. Watafiti wa King's College waliwagawa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio wa karanga. Nusu walilishwa karanga mara kwa mara hadi umri wa miaka mitano, nusu wakazuiwa. Waliokula walipata mzio kwa uchache mno, pungufu kwa takribani asilimia 80. Na katika damu yao, IgG4 ya karanga ilikuwa juu kuliko ya waliozuiwa. Yaani mtoto aliyeizoea karanga, anayeila bila shida, ndiye ambaye orodha ya rangi ingempa nyekundu.

Mzio wa kweli ni jambo jingine, nao una kingamwili yake, IgE. Huo haujifichi: ndani ya dakika chache midomo inavimba, vipele vinatoka, pumzi inabana. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali, asisubiri posta.

Kwetu Kamanga hakuna anayetuma damu kwa posta. Mtoto akiharisha kila akinywa maziwa mabichi, bibi atasema, "Mayu, maziwa yanamkataa huyu, mpe mgando." Maneno hayo yana elimu ndani yake. Maziwa humkataa mtu mara nyingi kwa sababu utumbo wake umepungukiwa na kimeng'enya cha laktezi, kinachovunja sukari ya maziwa. Kingamwili hazihusiki kabisa, kwa hiyo kipimo cha kingamwili hakiwezi kuliona tatizo hilo. Mgando una nafuu kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti uliofanywa Tanzania, Kenya na Sudan, ikaonyesha kwamba uwezo wa watu wazima kumeng'enya maziwa ulizuka miongoni mwa wafugaji wa kule kwetu kwa njia yake, tofauti na ile ya Ulaya. Ndiyo maana katika nyumba moja kaka anakunywa kibuyu kizima na dada yake anaumwa tumbo.

Njia ya bibi, ya kuacha chakula kimoja na kuangalia, ndiyo wanayoitumia wataalamu wa lishe huku. Tofauti ni kwamba wao hukirudisha chakula hicho baadaye ili wathibitishe. Kwetu tukishaacha tumeacha, na mtu anaweza kuzeeka bila kugusa dagaa kwa sababu ya kuharisha kwa siku moja utotoni. Hatua hiyo ya kurudisha tuichukue, haina gharama.

Lakini nasi tuna kipimo chetu tunachokiamini kupita kiasi. Ni Widal, cha tangu mwaka 1896, kinachotafuta kingamwili za taifodi. Ni nani Mwanza hajawahi kuambiwa ana taifodi kwa kipimo hicho? Utafiti uliofanywa kwa watoto waliolazwa Muheza, Tanga, na kuchapishwa mwaka 2010 ulilinganisha Widal na kuotesha damu maabara ili kuona kama ina bakteria. Kati ya watoto ambao Widal ilisema wana taifodi, takribani robo tu ndio waliothibitika kuwa nayo. Wengi wa waliobaki huenda walikuwa na homa nyingine, na homa hiyo ilihitaji kutafutwa.

Kwa mtu wa ziwani kuna kichocho pia, na hapa ndipo ninapoumia. Kichocho cha tumbo kimeenea sana kwenye mwambao wa Mwanza na Sengerema. Minyoo yake hutoka kwenye konokono, huingia kupitia ngozi mtu anapooga, kufua au kuvuta nyavu, na huleta maumivu ya tumbo, kuharisha, wakati mwingine damu kwenye choo. Kikiachwa miaka mingi huharibu ini. Tiba yake ni vidonge vya prazikwanteli. Mtu wa Kamanga anayeishi ughaibuni na tumbo lisilotulia anapaswa kumwambia daktari wake kwamba alikulia ziwani, kwa maana daktari wa huku huenda asikifikirie kichocho. Na akipimwa damu ajue kwamba kingamwili za kichocho hubaki miaka hata baada ya kutibiwa. Mayai ya minyoo kwenye choo ndiyo yanayothibitisha kwamba bado wamo.

Yule dada nilimshauri aende kwa daktari wake kabla ya kuacha vyakula vyote hivyo, na asiache ngano kabla ya kupimwa ugonjwa wa siliaki, unaochochewa na ngano. Huo ni ugonjwa ambao kipimo chake cha kingamwili kinaaminika, ila humtaka mtu awe bado anakula ngano.

Wenzangu mnaotuma fedha nyumbani, mkiulizwa kuhusu kipimo cha damu cha vyakula, msikilipie. Lipieni nauli ya kwenda hospitali ya Sengerema au Bugando, na kipimo cha choo. Na mtoto asinyimwe dagaa, mayai wala maziwa kwa sababu ya karatasi yenye rangi.